Kisagio Kwanza, Mashine Baadaye: Espreso ya Nyumbani kwa Mkaaji wa Kau

Ukiwa Kau, kando ya mto Ozi, kahawa huna haja ya kuitafuta mbali. Baada ya swala ya isha dele liko juu ya makaa, finjani zinagongana, tangawizi inanukia na kashata ziko kwenye sahani. Kahawa hiyo haihitaji mwongozo wangu. Imechemka ikachemka tena, na anayeiuza anaijua kazi yake kuliko mimi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwingine: yule aliyekaa Mombasa au Nairobi miaka kadhaa, akazoea kikombe kidogo cha kahawa nzito yenye povu la rangi ya asali, sasa karudi nyumbani na anakitaka kikombe kile kile. Au ni mwalimu, muuguzi, mwenye duka pale Garsen aliyeona mashine kwenye simu na mkono umeanza kumwasha kulipa. Kabla hujalipa, nisikilize kidogo, kwa sababu mimi nililipa kwanza nikafikiri baadaye. Nilinunua mashine ya mtumba inayong'aa, nikaibeba kwenye basi nimeipakata kama mtoto, nikaichomeka kwenye inverta ya sola ya nyumbani. Inverta ililia mara moja tu, kisha nyumba nzima ikawa giza. Shangazi yangu alikuwa akitazama taarifa ya habari. Hajanisamehe hadi leo. Na siku nilipopata umeme wa kutosha, kahawa iliyotoka ilikuwa maji ya hudhurungi, maana unga nilionunua dukani ulikuwa mkubwa mno.

Makosa yangu yalikuwa matatu: umeme, kukosa kisagio changu, na maji, ambayo nitayafikia hapa chini. Mashine yenyewe haikuwa na tatizo.

Kwa nini kisagio ndicho bwana

Kahawa ya dele huivishwa na muda. Espreso haina muda, ina msukumo. Maji ya joto la nyuzi 90 hadi 96 hivi yanasukumwa kupita kwenye unga laini ulioshindiliwa, kwa nguvu ya bari 9, yaani takriban mara 9 ya uzito wa hewa inayotuzunguka. Kazi yote huisha katika sekunde 25 hadi 30. Katika muda mfupi namna hiyo, kinachoamua ladha ni unga. Ukiwa mkubwa, maji yanapita mbio na kahawa inakuwa chachu na nyepesi. Ukiwa laini kupita kiasi, maji yanakwama, na kinachodondoka ni uchungu mtupu.

Unga uliochanganyika, punje kubwa na vumbi pamoja, ndio mbaya zaidi. Maji hutafuta njia nyepesi, na mtu wa Ozi hahitaji somo hili. Karne ya 19 palichimbwa mfereji pale Belezoni ili vyombo vivuke kutoka mto Tana kuingia mto Ozi. Mto ukaupenda mfereji huo, ukaupanua, na leo Tana yenyewe inamwagika baharini Kipini. Ndani ya kichungi cha kahawa mambo ni hayo hayo: maji yakipata upenyo mmoja, yote yanakimbilia hapo, unga wa upenyoni unaunguzwa na uliobaki haujaguswa. Kikombe kimoja kinakuwa kichungu na kichachu kwa pamoja.

Kwa hiyo mashine ya bei nafuu yenye kisagio kizuri hutoa kahawa ya kunyweka. Mashine ya bei kali yenye kisagio kibovu haitoi.

Jiulize haya kabla ya kutoa pesa

*Umeme wako ni upi?* Mashine ndogo za umeme hula wati 1,000 hadi 1,500. Tuchukue ya wati 1,300. Ukiiwasha dakika 10, imekula karibu 0.22 ya yuniti. Kwa mtu wa Garsen mwenye mita ya tokeni hilo si jambo la kumkosesha usingizi. Kwa mwenye sola hesabu ni nyingine. Zile sola ndogo zinazolipiwa kidogo kidogo kwa simu, za taa, chaji na runinga, haziwezi kabisa; usijaribu. Ukiwa na betri ya volti 12 na inverta kubwa, mashine ya wati 1,300 itavuta zaidi ya ampea 100 kutoka kwenye betri hiyo. Waya wa kawaida utapata moto, na betri ya asidi itazeeka upesi. Fundi akikuambia "itashika tu", mwulize unene wa waya anaokusudia kuweka.

*Maji yako ni yapi?* Hapa ndipo miongozo mingi iliyoandikiwa watu wa mijini inapotuacha. Huku chini karibu na mlango wa mto, bamvua likijaa na mto ukiwa umepungua, chumvi hupanda. Maji ya visima vingi nayo yana chumvi au chokaa. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Kunaizidisha, kwa kuwa maji yanapungua na chumvi inabaki. Kahawa ya maji hayo hukosa utamu wake, na alumini ya chombo huliwa ikawa na vitundu. Chokaa nayo huganda ndani ya tangi la kuchemshia na kuziba mirija. Fanya hivi:

1. Onja maji yakiwa baridi. Ukisikia chumvi, usiyatie kwenye chombo chochote cha kahawa.
2. Tazama ndani ya birika la chai la nyumbani. Ukoko mweupe ukutani ni chokaa. Mashine ya umeme itapata ukoko huo huo, ila hutauona.
3. Tumia maji ya mvua ya tangi ukiwa nayo, yaliyochujwa kwa kitambaa na kuchemshwa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache iende zake, inaosha paa.
4. Maji ya mvua peke yake huifanya kahawa iwe kama imepooza. Kama kisima chako hakina chumvi ila kina chokaa kidogo, changanya sehemu 3 za mvua na 1 ya kisima.
5. Ukitia dawa ya klorini, acha maji wazi usiku kucha kabla ya kuyatumia, harufu ipungue.

*Mko wangapi?* Ikiwa unywaji ni wa watu wawili, kila ninachokisema hapa chini kinakutosha. Ikiwa baraza zima litakujia, rudi kwenye dele.

Kununua kisagio

Tuanze na visivyofaa. Blenda na visagio vya visu havisagi, vinakatakata: unapata mchanga na vumbi kwa mkupuo mmoja. Kinu na mchi vya bibi vinatosha kwa dele, ambalo unga wake utachemka na kutuama, lakini haviwezi kutoa unga wa saizi moja. Mashine ya posho hata usiifikirie. Wapo waliojaribu, na wenzao wakala ugali wenye harufu ya kahawa wiki nzima.

Unachotaka ni kisagio cha meno: koni ya chuma inayozunguka ndani ya pete yenye meno, na nafasi kati yake inarekebishwa. Kwa mfuko mdogo, chukua cha mkono. Cha umeme cha bei hiyo hiyo pesa zake zimeishia kwenye mota na plastiki, na meno yamepata makombo. Timemore, Kingrinder na 1Zpresso ni majina yanayojulikana katika vya mkono, lakini usinunue jina. Kampuni moja inaweza kuwa na kisagio cha espreso na kingine kisichofika huko. Gramu 18 kwa mkono huchukua dakika moja hivi, pengine zaidi. Ni mazoezi.

Ukiwa dukani, au anayekununulia akiwa dukani:

1. Shika mpini utikise mhimili wa katikati. Ukicheza kushoto na kulia, unga utakuwa mchanganyiko. Rudisha.
2. Zungusha kirekebishio na uhesabu milio yake. Kwa espreso hatua moja iwe ndogo sana. Kisagio kinachoruka kutoka "inakwama" hadi "inakimbia" kwa mlio mmoja hakifai, ingawa kwa moka kitafaa.
3. Omba kusaga punje kidogo. Usugue unga kati ya vidole: kwa moka uwe kama chumvi laini ya mezani, kwa espreso uwe laini zaidi, unaoshikana ukiubana, lakini si kama unga wa ngano.
4. Uliza kama kinafunguka bila fundi. Hewa ya huku ina unyevu, mafuta ya kahawa yanaganda, na utalazimika kukisafisha kwa brashi kila wiki.
5. Meno ya kauri hayapati kutu, ila yakianguka sakafuni yanameguka. Kwa nyumba yenye watoto napendelea chuma.

> ANGALIZO. Usioshe meno ya chuma kwa maji. Na usisage kahawa iliyochanganywa na tangawizi au iliki kavu: harufu haitoki, na nyuzi za tangawizi hukwama.

Kununua chombo cha kupikia

Viko vya aina nne vya kufikiria, na viwili vya kukimbia.

*Moka.* Ni kile kibirika cha alumini chenye kiuno, alichokitoa Bialetti huko Italia mwaka 1933. Maji yako chini, unga katikati, kahawa inapanda juu. Wajuzi watakuambia si espreso, na ni kweli: msukumo wake hufika bari 1.5 hivi, na povu lake ni la kupita. Lakini ni kahawa nzito, haijui habari ya umeme, inakaa juu ya makaa au meko ya gesi, na kitu pekee kinachochakaa ni raba yake. Kwa Kau, hiki ndicho ninachokipendekeza kwa watu tisa katika kumi. Jihadhari na "vikombe": moka ya vikombe 3 ni ya finjani 3, maji yake yote ni kama mililita 130. Mtu mmoja mwenye kiu huimaliza.

*Mashine ya wenzo.* Flair na Cafelat Robot ni za aina hii. Hazina umeme wala pampu. Unamimina maji ya moto na mkono wako ndio unaotoa zile bari 9. Ndiyo njia ya kupata espreso ya kweli kijijini bila waya wa umeme. Ubaya wake: kisagio lazima kiwe kizuri kweli, na mwanzoni utaharibu kahawa nyingi.

*Mashine ndogo ya umeme yenye kichungi cha kuta mbili.* De'Longhi Dedica, yenye kichungi cha milimita 51, ni mfano wake. Kichungi cha namna hii kina tundu moja dogo chini, nalo ndilo linalotengeneza msukumo na povu hata unga ukiwa wa ovyo. Ni msaada kwa anayeanza. Povu lake si ushahidi wa kahawa nzuri.

*Mashine kamili ya umeme*, kama Gaggia Classic yenye kichungi cha milimita 58. Ni chuma kizito, vipuri vyake vinapatikana, inaishi miaka mingi ikipewa maji safi. Ni ya mtu wa Garsen mwenye umeme wa gridi.

Za kukimbia: kwanza, mashine ya umeme isiyo na pampu, inayotegemea mvuke tu. Utaijua kwa kifuniko cha juu unachokaza kwa nguvu baada ya kutia maji. Hiyo ni moka iliyovaa suti, na bei yake inafanana na suti. Pili, mashine ya vidonge vya kahawa. Siku vidonge vikiisha uko Kau, una pambo la mezani.

> USIDANGANYWE NA "BARI 15". Namba hiyo ni uwezo wa juu wa pampu, si msukumo unaofika kwenye kahawa. Kinachotakiwa ni 9. Anayekuuzia ya bari 20 hajakuongezea kitu.

> MZIGO WA KUTOKA NJE. Umeme wetu ni volti 240, plagi ya pini tatu za mraba. Ukiwa na mjomba Muscat au Dubai, akinunua huko kitakuja sawa. Ndugu aliye Marekani akikutumia mashine ya volti 120, usiichomeke, itaungua. Moka na visagio vya mkono havina shida hiyo. Kwa kinachoagizwa kwa posta, hesabu ushuru na VAT ya 16% kabla ya kufurahia bei.

Ikiwa ni mtumba, usilipe kabla ya kuona haya:

☐ Imewashwa mbele yako na kupata moto, bila kukatisha umeme kwenye swichi kuu.
☐ Maji matupu yanatoka kwa mkondo mmoja, hayarushi pembeni. Yakirusha, raba imekufa. Si ghali, ila punguza bei.
☐ Pampu inavuma sawasawa. Ikikohoa, ina hewa au ukoko.
☐ Chini hakuna kutu wala unyevu.
☐ Vichungi vyote viwili na mpini vipo. Wauzaji hupenda kupoteza vichungi.

Kuzigawa pesa

Mfuko mdogo: moka ya vikombe 3 na kisagio cha mkono chenye meno ya chuma. Kisagio kitagharimu mara mbili au tatu ya moka. Usishtuke, na usigeuze uwiano huo. Tena ukiwa na cha kuongeza, usinunue moka kubwa. Nunua mizani ndogo ya kupimia gramu, ya aina anayoitumia sonara. Nimeona watu wakipimia kijiko kwa mwaka mzima, kila siku kahawa tofauti, na kila siku wanalaumu punje.

Mfuko wa kati: wenzo na kisagio cha mkono chenye hatua ndogo, nusu kwa nusu. Mfuko mnene: mashine kamili, kisagio kile kile cha mkono, na pesa iliyobaki uiweke kwenye tangi la maji ya mvua. Sifanyi mzaha.

Mzigo ukija kwa basi, pokea wewe mwenyewe Minjila au Witu, na ufungue sanduku hapo hapo kabla ya kupanda boda. Mtikisiko wa njiani huvunja mipini ya plastiki, na ukishafika nyumbani, mgomvi ni wewe na ukuta.

Punje

Nunua gramu 250 kwa mara, zenye tarehe ya kukaangwa. Herufi AA kwenye pakiti zinataja ukubwa wa punje tu. Hazisemi zilikaangwa lini. Kahawa ya Nyeri na Kirinyaga, hasa ya miche ya SL28 na SL34, ina uchachu mzuri wa tunda, lakini ikiwa imekaangwa kidogo na ukaisukuma kwa wenzo, utadhani umekunywa ukwaju. Omba iliyokaangwa wastani kwenda nyeusi. Weka kwenye kopo la kifuniko kinachobana, mbali na jiko. Friji inayofunguliwa kila mara hutia unyevu.

Kupika kwa moka juu ya makaa

1. Chemsha maji kando. Mimina kwenye tumbo la moka mpaka chini kidogo ya vali, usiifunike. Vali hiyo ndiyo inayokuokoa. Ikiziba kwa chokaa, chombo ni bomu. Iguse kila wiki uone inacheza.
2. Jaza kichungi unga, sawazisha kwa kidole. Usishindilie, kushindilia ni kwa espreso, si kwa moka.
3. Futa ukingo, shika kwa kitambaa, kaza sana. Usikaze kwa kuvuta mpini.
4. Weka kipande cha bati lenye matundu juu ya jiko ili moka isiyumbe. Makaa yawe machache, yameshaota jivu. Mpini uelekee nje, la sivyo utayeyuka.
5. Acha kifuniko wazi. Kahawa itapanda kama uzi wa asali. Ikianza kukoroma, epua papo hapo na ukandamize kitako kwenye kitambaa kibichi. Mkoromo ukiendelea, unaunguza.
6. Koroga, gawa.

Kwa wenye wenzo au mashine: unga gramu 18, kahawa itoke gramu 36, sekunde 25 hadi 30. Ikitoka mbio na chachu, saga laini zaidi. Ikidondoka na kuwa chungu, saga kubwa kidogo. Badilisha jambo moja kwa mara moja. Ukigeuza unga na kiasi pamoja hutajua kipi kimekuponya.

Maziwa ya Waorma yanayouzwa Garsen ni mazito na matamu, lakini yachemshe kwanza, utoe utando. Yakipoa hadi kidole kinavumilia, yatie kwenye chupa ya kifuniko, nusu tu, na utikise kwa nguvu. Povu litakuja bila bomba la mvuke.

Kusafisha: mashine ya umeme itolewe ukoko kwa chumvi ya ndimu, kijiko kimoja cha mezani kwa lita moja ya maji, kisha maji matupu mara mbili tatu. Moka ya alumini usiiloweke kwenye ndimu, wala usiisugue kwa waya wa chuma na sabuni ya unga. Maji ya moto, kidole, kitambaa, na uiache wazi ikauke. Ukiifunga mbichi kwa unyevu wa huku, kesho asubuhi itanuka kama dema la samaki.